Gari la Mkate

Tulilinunua Gobernador Gregores, kwa mjane wa mwokaji,
gari jeupe lililogeuka rangi ya meno ya mvutaji,
ubavuni maandishi mekundu yaliyopauka:
MKATE WA MOTO KILA ALFAJIRI.
Ciro alitaka kuyafuta.
Nikamwambia rangi ni pesa, na pesa ni petroli,
na petroli ndiyo itakayotufikisha La Quiaca,
zaidi ya kilomita elfu nne kaskazini,
kwa bibi yake ambaye hajaniona,
ambaye kwenye simu huniita yule binti wa upepo.

Tuling'oa rafu, tukatandika godoro.
Rafu mbili zilikataa; kutu ilizishika kama deni.
Moja tukaipa soksi na taa,
nyingine birika na kibuyu cha mate.
Lakini harufu haikung'oka.
Usiku, baridi ikibana vioo,
tulilala ndani ya hamira ya mtu aliyekufa,
madonge mawili yakisubiri kuumuka.

Upepo wa kule haupulizi, unasukuma.
Hauna adabu ya kupiga hodi.
Ciro aliushika usukani kwa mikono miwili
kama anayemzuia mbuzi asiingie bustanini.
Kokoto, kokoto, kisha kokoto.
Guanako walitutazama juu ya uzio
kwa shingo za majirani wanaojua habari zetu zote.

Kabla ya Bajo Caracoles
mtu alisimama katikati ya njia, kofia mkononi.
"Mmechelewa," akasema. "Tangu Machi hamjapita."
Alitaka minne, na kama ipo, ile ya mafuta.
Tulicheka, tukaeleza, tukaomba radhi.
Yeye hakucheka. Aliyasoma tena yale maneno,
polepole, kidole kikifuata herufi,
kama mtu anayekagua hati ya kiapo.

Jioni hiyo, tukibadili tairi, Ciro akasema
(hakuniangalia, alikuwa anakaza nati):
"Bibi ametutengea chumba."
"Cha wiki ngapi?"
Nati ilikuwa imeshakaza. Akaendelea kuikaza.
"Cha kukaa, Eluney."

Basi.
Asubuhi ukimya ulipanda kwanza,
ukaketi katikati yetu, ukafunga mkanda.

Kilomita hamsini kabla ya Perito Moreno
pana shule ya vyumba viwili na bendera iliyochanika.
Mwalimu alitoka mbio akishika nywele zake,
nyuma yake watoto kumi na mmoja
katika makoti meupe yaliyojaa upepo.
Walikwisha kupanga foleni
kabla Ciro hajazima injini.

Nilingoja aeleze.
Alingoja nieleze.
Kitoto cha mwisho kwenye foleni
kilikuwa kimeleta mfuko wake wa kitambaa.

"Upo njiani," alisema Ciro. "Tupe saa mbili."

Hamsini kwenda, hamsini kurudi.
Tulinunua mikate yote ya duka la kwanza mjini
kwa pesa za petroli ya siku mbili,
tukaipanga kwenye zile rafu zilizokataa kung'oka.
Soksi zikahamia mapajani mwangu.
Gari likapasha harufu yake ya zamani,
nami nikakata pembe ya mkate mmoja,
nikamlisha dereva bila kumsemesha.

Mwalimu alilipa kwa sarafu alizozihesabu tangu Machi,
pungufu kidogo, kwa bei ya Machi.
"Alhamisi ijayo?" akauliza.
Ciro, asiyejua kusema uongo,
akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu ile nati.
Nikatazama viatu vyangu, nikatazama bendera.
Nikasema mjane atauza na tanuri,
na mwenye tanuri atahitaji gari.
Halikuwa jibu. Lilikuwa kweli.

Tulipoondoka makoti meupe yalipunga mpaka vumbi likayameza.
Kipimo cha petroli kilikuwa kinalala.
Tulikwenda kilomita kumi, labda kumi na mbili.

"Hicho chumba," nikasema, "kina dirisha?"
"Moja."
"Linaangalia wapi?"
Akafikiri kwa muda mrefu, akipangusa makombo ndevuni.
"Ukutani," akasema. "Lakini ukuta ni mfupi."